Utaifa, Demokrasia na Sanaa ya Umma: Kutoka Ulaya ya Karne ya 19 hadi Mnazi Mmoja na Kariakoo, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala hii inachunguza uhusiano kati ya utaifa na fikra za kidemokrasia katika sanaa ya Ulaya ya karne ya 19, na namna uhusiano huo ulivyojitokeza katika sanaa ya umma ya katikati ya Dar es Salaam na Kariakoo kati ya mwaka 1909 na 1975. Hoja ya msingi ni kwamba sanaa hiyo ya Ulaya ilibeba mawazo mawili yaliyozaliwa pamoja na kuachana njiani: taifa likiwa ni umma unaojitawala, na taifa likiwa ni dola linalotukuzwa. Dar es Salaam ililetewa wazo la pili, tena likiwa tayari limesubiwa kwa shaba. Wazo la kwanza halikuletwa na meli yoyote. Wakazi wa mji walilijenga wenyewe kwa jina la mtaa, kwa uwanja wa mikutano, kwa ngoma na hatimaye kwa paa la soko. Makala inahitimisha kwamba mtafiti anayetafuta sura ya demokrasia katika sanaa ya mji huu hana budi kutazama zaidi ya sanamu.

1.0 Utangulizi

Mtu anayetoka Posta kwenda Kariakoo kwa miguu hupita, katika muda usiozidi saa moja, mbele ya kumbukumbu za tawala tatu. Katika makutano ya Barabara ya Samora na Mtaa wa Maktaba amesimama askari wa shaba mwenye bunduki iliyofungwa singe. Mbele zaidi, katika viwanja vya Mnazi Mmoja, upo mnara mweupe wenye mfano wa Mwenge wa Uhuru kileleni. Kisha, ng'ambo ya viwanja hivyo, mitaa ya Kariakoo inamwelekeza kwenye soko ambalo nguzo zake za zege hupanuka juu mithili ya miti. Kumbukumbu hizi kwa kawaida huelezwa moja moja: ya kwanza huwekwa katika historia ya Vita Kuu ya Kwanza, ya pili katika historia ya uhuru, na ya tatu katika historia ya usanifu majengo. Ni nadra kusomwa pamoja kama mjadala mmoja kuhusu swali moja: umma ni nani, na unastahili kuonyeshwa namna gani?

Swali hilo halikuanzia Dar es Salaam. Lilikuwa kiini cha sanaa ya Ulaya kwa takriban miaka mia moja baada ya Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789. Mamlaka ilipoacha kudaiwa kuwa zawadi ya Mungu kwa mfalme na kuanza kudaiwa kuwa mali ya wananchi, wachoraji na wachongaji walikabiliwa na tatizo ambalo watangulizi wao hawakulijua. Mfalme alikuwa na uso, na uso huo ungeweza kuchorwa. Wananchi ni mamilioni. Uso wao ni upi? Benedict Anderson, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alilieleza taifa kuwa ni jumuiya inayoishi katika fikra za watu ambao wengi wao hawatakutana kamwe. Ikiwa ndivyo, picha na sanamu ni miongoni mwa mahali ambapo fikra hizo hupata umbo.

Makala inatumia kipimo kimoja katika kuzisoma kazi zinazojadiliwa, nacho ni jukwaa, yaani kile kinachoinyanyua sanamu kutoka ardhini. Nani amewekwa juu yake, nani yuko chini yake, na nani hakuwekwa kabisa? Kipimo hiki ni chepesi, lakini kinatenganisha vizuri mambo mawili ambayo neno "uzalendo" huyachanganya.

2.0 Ulaya: Taifa na Umma katika Picha na Sanamu

Mwaka 1814 Francisco Goya alichora tukio la tarehe 3 Mei 1808, siku ambayo majeshi ya Napoleon yaliwaua kwa risasi wakazi wa Madrid waliokuwa wameasi. Kabla ya hapo, picha kubwa za vita zilikuwa za majemadari juu ya farasi. Goya aliweka katikati mtu wa kawaida aliyevaa shati jeupe, mikono juu, mbele ya safu ya askari wasioonekana nyuso. Mtu huyo hana cheo wala jina. Anabeba taifa zima kwa sababu tu anauawa akiwa mmoja wa watu wake.

Miaka kumi na sita baadaye, Eugène Delacroix alichora maasi ya Paris ya Julai 1830 katika picha inayojulikana kama Uhuru Ukiwaongoza Watu. Mwanamke anayewakilisha Uhuru amepanda juu ya kizuizi cha mtaani, bendera ya rangi tatu mkononi. Kando yake wapo mfanyakazi, kijana mwenye bastola mbili na mtu aliyevaa kofia ndefu ya watu wa mjini. Katika picha hiyo utaifa na demokrasia vinatembea pamoja: bendera ni ya taifa, na wanaoibeba ni watu wa matabaka mbalimbali. Hata hivyo, historia ya picha yenyewe inaonyesha jinsi mapatano hayo yalivyokuwa dhaifu. Serikali mpya ya Mfalme Louis-Philippe iliinunua baada ya kuonyeshwa mwaka 1831, kisha ikaiondoa machoni pa watu. Iliingia katika jumba la Louvre mwaka 1874 tu. Sababu si ngumu kuielewa. Chini ya mfalme huyo, Ufaransa yenye watu zaidi ya milioni 30 ilikuwa na wapiga kura wasiofika robo milioni, kwa kuwa kura ilitegemea kodi aliyolipa mtu. Mfanyakazi aliyechorwa akiwa na silaha hakuwa na kura. Mwanamke aliyechorwa akiwa Uhuru wenyewe alikuwa mbali zaidi: wanawake wa Ufaransa walipewa haki ya kupiga kura mwaka 1944.

Ujerumani inatoa mfano ulio wazi zaidi wa kuachana kwa mawazo hayo mawili. Mwaka 1848, Bunge la Taifa lilipokutana katika Kanisa la Mtakatifu Paulo mjini Frankfurt, juu ya kiti cha rais wa bunge ilitundikwa picha kubwa ya Germania iliyochorwa na Philipp Veit. Mwanamke huyo alishika upanga pamoja na tawi la mzeituni; miguuni pake palikuwa na pingu zilizovunjika. Taifa lilionyeshwa kama watu waliofunguliwa. Bunge lile lilishindwa, na umoja wa Ujerumani ukaja mwaka 1871 kwa njia ya vita. Mwaka 1883, mbele ya Kaisari Wilhelm wa Kwanza, ilizinduliwa Germania nyingine katika kilima cha Niederwald juu ya mto Rhein, kazi ya mchongaji Johannes Schilling. Huyu ameinua taji la kifalme, na pingu zilizovunjika hazipo tena. Jina ni lile lile na mwanamke ni yule yule, lakini umma umetoka na dola limeingia.

Wapo wasanii walioupinga mwelekeo huo. Gustave Courbet alichora mazishi ya kijijini kwao Ornans, kati ya mwaka 1849 na 1850, kwa ukubwa uliokuwa umezoeleka kwa picha za wafalme na watakatifu, na wakosoaji wengi wakakasirika. Auguste Rodin alipoombwa na mji wa Calais mwaka 1884 kuwakumbuka raia sita waliojitoa mhanga kuuokoa mji wao katika karne ya 14, hakuchonga shujaa mmoja. Alichonga watu sita waliochoka, kila mmoja na hofu yake, na alifikiria wawekwe karibu na ardhi ili wapita njia wachangamane nao. Mji haukumkubalia: mwaka 1895 kundi hilo liliwekwa juu ya jukwaa refu, na lilishushwa mwaka 1924 tu. Hapa ndipo kipimo cha jukwaa kinapopata uzito wake. Wakubwa wa Calais na Rodin hawakubishana kuhusu urembo pekee. Walibishana kama raia ni mtu wa kutazamwa kwa kuinua shingo au wa kutazamana naye uso kwa uso.

3.0 Dola Juu ya Jukwaa: Sanamu ya Wissmann, 1909

Germania ya Niederwald ilizinduliwa Septemba 1883. Februari 1885, serikali hiyo hiyo ilitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters juu ya maeneo ambayo Peters alidai kuyapata kwa mikataba huku bara. Watu wa mwambao walipoinuka mwaka 1888, wakiongozwa na Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri huko Saadani, Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann kuwazima. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1891 Dar es Salaam, mji ulioanzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, ukawa makao makuu ya koloni.

Ni katika mji huo ambapo mwaka 1909, miaka miwili baada ya Vita vya Maji Maji kumalizika, ilisimamishwa sanamu ya Wissmann iliyochongwa na Adolf Kürle. Mpangilio wake ni somo kamili la utaifa uliojitenga na demokrasia. Wissmann amesimama juu peke yake, kwa utulivu wa mtu mwenye mali. Chini, kwenye msingi wa jukwaa, yupo askari Mwafrika anayetandaza bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyeangushwa. Askari anamtazama bwana wake. Bwana hamtazami askari. Mwafrika yumo ndani ya sanamu, lakini yumo kama ngazi: kazi yake ni kuonyesha urefu wa aliye juu.

Lugha ya sanamu hiyo ilikuwa ile ile iliyotumika katika viwanja vya miji ya Ujerumani. Tofauti ni kwamba raia wa mji wa Ujerumani, hata asipokuwa na usemi mkubwa, alialikwa kujiona katika shaba hiyo na kujisifu. Mkazi wa Dar es Salaam hakualikwa kujiona popote isipokuwa chini. Kwa hiyo ukoloni haukuleta utaifa wa Ulaya mzima mzima. Ulileta nusu yake, na nusu hiyo ilifikishwa kwa watu kama amri.

Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliiondoa sanamu hiyo na kuipeleka London. Baadaye ilirudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Huko wanafunzi waliiangusha mwaka 1968, wakidai kwamba chuo cha jamhuri ya kidemokrasia hakiwezi kumtukuza mtu wa aina hiyo. Kwa namna hiyo swali lililoulizwa Frankfurt mwaka 1848 liliwarudia Wajerumani wenyewe kwa njia ya sanamu iliyowahi kusimama ufukweni mwa Bahari ya Hindi.

Askari walio chini ya jukwaa nao walikuwa na historia yao. Jeshi la Wissmann la mwaka 1889 lilikuwa na askari kutoka Sudan na wengine walioandikishwa kusini, Msumbiji, ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Mmoja wa hao Wazulu alikuwa baba wa Kleist Sykes, aliyezaliwa mwaka 1894 na ambaye mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Waafrika, yaani African Association, mjini Dar es Salaam. Mtoto wa askari wa Wissmann aliandaa chombo ambacho baadaye kingeuhoji utawala wa kigeni wenyewe. Jukwaa la mwaka 1909 halikuliona hilo.

4.0 Askari Asiye na Jina na Jina Lisilo na Sanamu

Mnara wa Askari ulizinduliwa mwaka 1927, na minara ya aina hiyo ipo pia Nairobi na Mombasa. Mchongaji alikuwa Mwingereza James Alexander Stevenson. Ukilinganishwa na sanamu ya mwaka 1909, mnara huu ni hatua kubwa: Mwafrika yuko juu ya jukwaa, peke yake, anasonga mbele, na hakuna mzungu juu yake. Maandishi yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili kimeandikwa kwa hati mbili, ya Kiarabu na ya Kilatini. Hilo la hati mbili ni dalili kwamba waliousimamisha walijua wakazi wa mji walisoma na walisoma vipi. Waliwachukulia kuwa wasomaji.

Hata hivyo, mnara huu una mapengo mawili. Pengo la kwanza ni la jina. Maandishi ya Kiingereza, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yanaahidi kwamba apiganiaye nchi yake atakumbukwa jina na wanawe. Juu ya mnara huo hakuna jina la askari hata mmoja. Aidha, neno "nchi" lenyewe linaleta ugumu. Askari wa jeshi la Waingereza na askari wa jeshi la Wajerumani walikuwa Waafrika waliopigana katika ardhi moja, wengine wakitoka kabila moja, na hakuna kati yao aliyeulizwa kama vita vile ni vyake. Nchi aliyoambiwa kuifia haikuwa na bunge alilolichagua wala sheria aliyoikubali. Sanaa ya Ulaya ilikuwa imezoea kumwambia mwananchi: nchi ni yako, kwa hiyo ifie. Sehemu ya pili ya kauli hiyo ndiyo iliyosafirishwa. Ya kwanza ilibaki bandarini ilikotoka.

Pengo la pili ni la mpagazi. Katika vita vya Afrika Mashariki, mizigo ya majeshi ilibebwa vichwani. Wapagazi walikuwa wengi kupita askari kwa mbali, na makumi ya maelfu yao walifariki, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Maandishi ya mnara yanawataja wapagazi. Mnara wa Nairobi unaye mpagazi miongoni mwa sanamu zake tatu. Mnara wa Dar es Salaam hauna mpagazi juu ya jukwaa lake. Aliyesimama pale ni mwenye bunduki tu.

Lakini mpagazi hakupotea. Jeshi la Uingereza liliwaweka wapagazi wa Carrier Corps katika eneo la magharibi mwa mji, ambako Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko kabla ya vita. Ndimi za watu zililichukua jina la Kiingereza la kikosi hicho zikalifanya Kariakoo. Jina hilo halikutungwa na kamati, halikuzinduliwa na gavana, na halikulipiwa shaba. Lilitokana na kutamkwa kila siku na watu waliojua nani alikuwa pale. Kwa kipimo cha makala hii, Kariakoo ni mnara wa kumbukumbu usio na jukwaa. Mnara wa Askari una sura bila jina. Kariakoo ni jina bila sura. Kati ya hizo mbili, iliyowahifadhi walio wengi ni ile iliyotoka kwa walio wengi.

5.0 Mnazi Mmoja na Mtaa Mpya: Umma Wajipatia Sura, 1929–1961

Katika miaka ya 1920 utawala wa Waingereza uliugawa mji kwa kanda, ukiendeleza mgawanyo ulioanza wakati wa Wajerumani: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Kariakoo kwa Waafrika. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja. Nia ya uwanja huo ilikuwa kutenganisha. Katika historia ya sanaa ya umma, hata hivyo, nafasi tupu ina matumizi ambayo mpangaji wake hawezi kuyazuia daima. Mahali palipotengwa ili watu wasikutane ndipo watu wengi walipoweza kutosha.

Chama cha Waafrika kilijenga ofisi yake Mtaa Mpya, pembezoni mwa Mnazi Mmoja upande wa Kariakoo, kwa michango na kazi ya kujitolea. Ni katika mtaa huo, ambao baada ya uhuru uliitwa Lumumba, ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mikutano ya hadhara ya miaka iliyofuata, katika viwanja vya Mnazi Mmoja na Jangwani, ilikuwa na kitu ambacho Delacroix alikichora na Ufaransa ya mwaka 1831 ikakificha: watu wa kazi mbalimbali wamesimama bega kwa bega wakijiona, labda kwa mara ya kwanza, kuwa ni kundi moja.

Nafasi ya wanawake katika kundi hilo inahitaji kusisitizwa. Susan Geiger, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu wanawake wa TANU, alionyesha kwamba mtandao wa vikundi vya ngoma vya mjini ndio uliokuwa njia kuu ya kuwaingiza wanawake katika chama. Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza kitengo cha wanawake kuanzia mwaka 1955, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kabla ya kuwa mwanasiasa. Ngoma ni sanaa, na tena ni sanaa yenye katiba: ina viongozi wanaochaguliwa, michango inayohesabiwa, sare zinazokubaliwa na mashindano yanayohukumiwa na watazamaji. Wanawake wa Kariakoo hawakuhitaji kufundishwa kikao ni nini. Katika sanaa ya Ulaya, mwanamke aliwekwa juu ya kizuizi awe alama ya uhuru, akarudi nyumbani bila kura. Hapa mwanamke alikuwa mwenye kadi, mwenye sauti na mwenye kukusanya ada.

Mfanano na Ulaya ulionekana pia upande wa vikwazo. Uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 uliwekewa masharti ya elimu, kipato au cheo. Kipato kilichotakiwa kilikuwa pauni 150 kwa mwaka. Isitoshe, kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mantiki ya Louis-Philippe, kwamba kura ni ya mwenye mali, ilikuwa imefika Kariakoo ikiwa na umri wa zaidi ya karne moja. TANU iliamua katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, kuingia katika uchaguzi huo licha ya masharti yake, na ikashinda.

6.0 Mwenge, Mti wa Watu na Paa la Soko, 1961–1975

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika haikuchagua sanamu ya mtu kuwa alama yake kuu. Ilichagua mwenge. Julius Nyerere alikuwa ametangaza nia hiyo katika Baraza la Kutunga Sheria mwezi Oktoba 1959, na usiku wa uhuru Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha kileleni Kilimanjaro. Mwenge una ukoo mrefu katika sanaa ya karne ya 19. Frédéric Auguste Bartholdi alipendekeza mnara wa taa wa mwanamke mkulima wa Kimisri mwenye mwenge penye mfereji wa Suez, mradi ambao haukujengwa. Kisha akauinua mwenge mkononi mwa Sanamu ya Uhuru iliyozinduliwa New York mwaka 1886. Tofauti iko katika matumizi. Mwenge wa Bartholdi unashikwa na mmoja, daima, mahali pamoja, juu ya jukwaa. Mwenge wa Tanzania, kwa mbio zilizoanza mwaka 1964, hupita mkono hadi mkono na wilaya hadi wilaya. Mnara wa Mnazi Mmoja una mfano wake uliotulia. Mwenge wenyewe uko njiani.

Wakati huo huo, wachongaji wa Kimakonde waliofanya kazi Dar es Salaam walikuwa wakikuza aina mpya ya kinyago. Wataalamu humtaja Roberto Jacobo kuwa mwanzilishi wake mwishoni mwa miaka ya 1950: gogo moja la mpingo lenye miili mingi inayopandana, kila mmoja akimbeba mwenziwe. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kinyago hicho kilijulikana zaidi kwa jina la Ujamaa. Katika kinyago hiki jukwaa limetoweka kwa namna ya pekee, kwa kuwa watu wenyewe ndio jukwaa. Aliye juu anabebwa na wote, na asipobebwa huanguka. Sam Ntiro, mchoraji aliyesoma Makerere na Slade mjini London, alifanya jambo la karibu na hilo kwa rangi: aliwachora wanakijiji wakilima, wakijenga na wakisherehekea, bila kumpa yeyote umbo kubwa kuliko mwenziwe.

Kazi kubwa zaidi ya kipindi hiki ni soko. Msanifu Beda Amuli, aliyesomea Haifa, alichora Soko la Kariakoo lililojengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970 na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake limeundwa kwa maumbo ya zege yanayofunguka juu ya nguzo kama miavuli iliyogeuzwa, yakikinga maji ya mvua na kuyateremsha hadi kwenye matangi chini ya ardhi. Wazo lake linafahamika kwa yeyote aliyewahi kuuza au kununua chini ya mwembe: kivuli ni cha wote. Mahali palipokuwa kambi ya wapagazi paliwekwa jengo ambalo kazi yake ni kupokea mizigo, na wachukuzi wa leo hushusha magunia pale pale ambapo jina la wachukuzi wa jana linatamkwa.

Haitakuwa sahihi, hata hivyo, kudai kwamba sanaa hii ilitatua tatizo la Frankfurt. Mwaka 1965 Tanzania ikawa kisheria nchi ya chama kimoja, na ilibaki hivyo hadi mwaka 1992. Bibi Titi Mohamed alihukumiwa katika kesi ya uhaini iliyoanza mwaka 1970, akaachiliwa kwa msamaha mwaka 1972. Mwenge ule ule uliopita mikononi mwa watu ungeweza pia kuwa chombo cha dola kuwataka watu wapange mstari. Kinyago cha Ujamaa kinaweza kusomwa kuwa mshikamano. Kinaweza pia kusomwa kuwa uzito wa wengi juu ya mabega ya walio chini kabisa. Utaifa na demokrasia viliachana Ulaya kwa sababu taifa lilipata nguvu kabla wananchi hawajapata kura. Dar es Salaam vilivutana kwa sababu nyingine: taifa lilikuwa changa, na viongozi wake waliogopa kwamba kura nyingi zingelivunja. Njia ni tofauti, ila swali ni lile lile.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba sanaa ya Ulaya ya karne ya 19 iliupa ulimwengu lugha ya kumwonyesha mwananchi, kisha mara nyingi ikaitumia lugha hiyo kuliinua dola juu yake. Dar es Salaam ilipokea lugha hiyo katika hali yake ya pili, kwa sanamu ya Wissmann, na kwa sehemu katika Mnara wa Askari. Upande wa kidemokrasia ulijengwa na wakazi kwa nyenzo ambazo wanahistoria wa sanaa hawazipi uzito wa kutosha: jina lililotamkwa hadi likakita, uwanja mtupu uliojazwa, ngoma yenye katiba na paa lenye kivuli cha wote.

Matokeo haya yana uzito wa kivitendo. Tarehe 10 Julai 2021 moto uliteketeza jengo kuu la Soko la Kariakoo, na Serikali ikachukua hatua ya kulikarabati. Mjadala wa umma ulihusu zaidi mali ya wafanyabiashara, jambo ambalo ni haki. Lakini kilichoungua kilikuwa pia moja ya kazi chache za sanaa jijini ambamo mtu wa kawaida hakuwekwa juu wala chini. Bibi Titi Mohamed leo amepewa jina la barabara inayopita kando ya Mnazi Mmoja. Wapagazi wana jina la mtaa mzima. Kumbukumbu za namna hii hazianguki kama shaba, lakini hufutika kwa urahisi zaidi, kwa kubadilishiwa jina, kubomolewa au kusahauliwa maana yake. Watafiti wanaoorodhesha urithi wa Dar es Salaam wanapaswa kuziweka katika orodha moja na Mnara wa Askari, kabla mtoto wa Kariakoo hajakua akidhani kwamba jina la kwao halina maana.